Ruzuku ya Walio Hai

Kila Jumanne na kila Ijumaa maji yalitoka bombani. Siku hizo mtaa mzima uliamka mapema. Ndoo zilipangwa mstari kutoka bombani hadi ukuta wa shule. Kila mtu alisimama kando ya ndoo yake, na aliyezubaa alirukwa. Maneno yalikuwepo, vicheko vilikuwepo, na umbea wa wiki nzima ulimalizwa hapo hapo.

Mama Katibu alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba chake cha mbele. Wengi walikuwa wamesahau jina lake la kuzaliwa. Walimwita kwa cheo chake, kwa sababu alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa. Chama hicho kilikuwa na kazi moja tu. Mtu akifa, chama kilitoa mbao za jeneza, kitambaa cheupe na mafuta ya gari la kumpeleka makaburini. Mama Katibu aliandika jina la marehemu katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Alifanya kazi hiyo miaka tisa, na hakuna mtu wa mtaa aliyezikwa kwa aibu.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kijani. Mume wa Mama Katibu ndiye aliyeliendesha. Alikuwa mtu wa mzaha.

"Abiria wangu ni wapole," alizoea kusema. "Hawalalamikii mwendo, wala hawadai kushushwa njiani."

Kisha ukaja ugonjwa wa kifua. Kwanza ulikuwa redioni tu, na watu waliusikia kama wanavyosikia habari za vita vya wengine. Halafu shule zikafungwa. Hakuna aliyetaka sare tena, na Mama Katibu akaifunika cherehani yake kwa shuka. Halafu akafa muuza mkaa. Wiki hiyo hiyo akafa mke wake. Mwaka uliopita daftari jeusi lilikuwa limeandikwa majina sita. Sasa, katika wiki kumi, yaliandikwa majina kumi na tisa. Mume wa Mama Katibu akaacha mzaha wake. Alikuwa akirudi jioni, ananawa, anakaa kimya.

Lakini jambo lililomkosesha Mama Katibu usingizi lilikuwa moja. Lilikuwa dada yake.

Dada yake alikuwa mfua nguo, na aliishi peke yake katika chumba kimoja, milango minne kutoka kwa Mama Katibu. Mama yao alipokufa, dada huyo ndiye aliyemlea mdogo wake. Alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka, na kwa kazi hiyo akamnunulia mdogo wake cherehani. Mama Katibu hakuwa na mtu mwingine duniani aliyemjua tangu utotoni.

Jumanne moja dada alikuwa kwenye mstari wa maji. Akakohoa ndani ya mtandio wake. Akakohoa tena. Watu waliinua ndoo zao na kusogea, huyu hatua mbili, yule hatua tatu, mpaka akabaki peke yake kama mtu aliyezungushiwa uzio. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wa dada, alirudi ndani na kufunga dirisha.

"Dada, rudi ukapumzike," Mama Katibu alimwambia. "Maji nitakuletea mimi."

"Ni mafua tu, mdogo wangu. Usinitie kwenye hilo daftari lako mapema."

Dada alicheka. Mama Katibu alijaribu kucheka pia.

Tangu siku hiyo alimwekea ndoo ya maji na sahani ya chakula mlangoni. Aliita akiwa mbali, na dada aliitika kutoka ndani, "Nina nafuu." Siku zilivyokwenda, sauti ile ilipungua. Mama Katibu hakujua afanye nini zaidi. Kazi aliyoijua vizuri ilikuwa ile ya daftari jeusi. Siku moja alikata kitambaa cheupe cha chama, akakikunja, akakiweka chini kabisa ya kabati. Hakumwambia mumewe kitambaa kile kilikuwa cha nani.

*

Mwenyekiti wa chama alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya ulinzi. Watu walimwita Mzee Filimbi, maana filimbi yake ya kazi aliivaa shingoni mpaka leo. Asubuhi moja aliwaita wanachama nyuma ya shule. Kila mtu alikuja na kigoda chake na kukaa mbali na mwenzake.

"Nimesikia redioni," alisema. "Serikali inatoa ruzuku kwa vikundi vya mitaani, tupambane na huu ugonjwa. Fomu hii hapa. Katibu, wewe ndiye mwenye mwandiko."

Mama Katibu aliweka fomu juu ya goti na kusoma kwa sauti.

"Kikundi chenu kitafanya kazi gani?"

"Kuzika," alisema Mzee Filimbi. Watu wote waliitikia kwa kichwa. Kuzika ndiyo kazi ya chama.

"Mnahitaji vitu gani?"

"Mbao. Misumari. Kitambaa. Mafuta ya gari."

"Mtawahudumia watu wangapi hadi mwisho wa mwaka?"

Hapo Mzee Filimbi alihesabu kwa vidole. Kumi na tisa walikuwa wamekwenda kwa wiki kumi. Alifumba macho kidogo.

"Andika thelathini," alisema.

Mama Katibu aliandika thelathini. Hakuna aliyeshtuka. Watu walikuwa wamechoka sana kiasi cha kutoshtuka. Lakini aliponyanyua kalamu, moyo wake ulimwambia kwamba mmoja wa wale thelathini alikuwa milango minne kutoka kwake, akikohoa. Alijifanya hakusikia.

Fomu ilirudi baada ya siku kumi na moja. Juu yake paliandikwa kwa wino mwekundu: Haikukubaliwa.

Aliyeileta alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, msichana mwenye fulana ya bluu na barakoa. Alisimama nje ya mlango wa Mama Katibu na hakuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetuletea fedha?"

"Nimewaletea fomu, mama. Naomba mwenyekiti naye aitwe."

Mzee Filimbi alikuja. Alipoona wino mwekundu, hakumung'unya maneno.

"Kwa hiyo serikali inataka tuwatupe maiti wetu barabarani?"

"Hapana, mzee. Kuzika kwa heshima ni jambo jema, na mmelifanya vizuri. Lakini nina swali. Hapa mmeandika watu thelathini. Ni akina nani?"

"Tutawajuaje? Hao ni watakaokufa."

"Leo wako wapi?"

Mzee Filimbi alimtazama kana kwamba msichana anamchezea. "Wako majumbani mwao."

"Wako hai?"

Mama Katibu ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Wako hai."

"Basi ruzuku hii ni yao, mama. Ni ya hao thelathini wakiwa bado wanapumua. Mmewaombea mbao. Hamkuwaombea hata kipande cha sabuni."

Mama Katibu alikaa chini palepale kizingitini. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alikumbuka kitambaa kilichokuwa chini ya kabati.

"Sisi hatukujua kazi nyingine," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma barua." Mhudumu naye alichuchumaa, hatua tatu kutoka kwao. "Niambieni, mgonjwa wa mtaa huu anapataje maji?"

"Anakwenda bombani kama wote," alisema Mzee Filimbi.

"Anasimama kwenye mstari kwa saa mbili, katikati ya watu sitini, anakohoa. Akirudi nyumbani ameacha ugonjwa kwa wengine. Na asipokwenda?"

"Anakaa na kiu."

"Mnaona? Mtaa wenyewe unamwambia achague, aue wenzake au afe yeye. Kazi ya ruzuku ni kumwondolea uchaguzi huo. Mgonjwa akae ndani, na maji yamfuate. Ruzuku inunue mapipa na ndoo zenye koki. Inunue sabuni. Iwalipe posho watu wawili wa kubeba maji na chakula mpaka mlangoni. Mama hapa ana cherehani imelala. Ashone barakoa za mtaa mzima. Na gari lenu lina mafuta ya kupeleka watu makaburini. Liwe na mafuta ya kuwapeleka hospitali kwanza."

"Fedha hizi tutazirudisha lini?" aliuliza Mzee Filimbi.

"Ruzuku si mkopo, mzee. Hairudishwi. Lakini lazima ifanye kazi ile ile mliyoandika, si nyingine. Wachagueni watu watatu wa kuidhinisha matumizi. Tunzeni risiti. Na kila kilichonunuliwa kibandikeni ukutani, hata mtoto akisome."

Kisha aliwafundisha namna ya kumtunza mgonjwa. Alale peke yake, au basi awe karibu na dirisha lililo wazi. Mtu mmoja tu amhudumie, akiwa amevaa barakoa. Vyombo vyake visichangamane na vya wengine. Mikono ioshwe kwa sabuni, kabla na baada.

"Na kuna dalili za hatari," alisema. "Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, msingoje. Midomo ikibadilika rangi, kifua kikibana, au akianza kuchanganyikiwa, msingoje hata saa moja. Apelekwe hospitali."

Mama Katibu aliuliza kitu kimoja tu. "Tukiandika upya leo, fedha zitakuja lini?"

"Mkinipa fomu Ijumaa, huenda wiki tatu."

Wiki tatu. Siku kumi na moja zilikuwa zimekwisha potea kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Mama Katibu alitamani kulia, lakini machozi hayakuja.

*

Siku hiyo hiyo Mama Katibu na mhudumu walianza kupita nyumba kwa nyumba kuwaandika wagonjwa, wazee na wanaoishi peke yao. Mama Katibu alibeba daftari lake kwapani, kama alivyozoea. Mlango wa kwanza haukufunguliwa. Wa pili ulifunguliwa na kufungwa. Kwenye kibanda cha viatu, fundi alichungulia dirishani, akaona jalada jeusi, na uso ukambadilika.

"Mimi sijafa," alisema. "Nenda na hilo daftari lako. Hapa hakuna maiti."

"Ni maji tu, fundi. Tunaandika watu wa kuletewa maji."

"Usiniandike popote." Dirisha likafungwa kwa kishindo. Nyuma yake walisikia kikohozi, kisha kimya cha mtu aliyeziba mdomo kwa mkono.

Mhudumu alimgeukia Mama Katibu. "Mama, hilo daftari liache nyumbani. Watu wakikuona nalo wanaona kaburi."

Mama Katibu alirudi, akachukua daftari jembamba la mtoto wake, lenye kurasa za hesabu upande mmoja. Milango ikaanza kufunguka kidogo kidogo. Mzee kipofu wa nyumba ya kona aliandikwa wa kwanza. Akaandikwa mjane na mama mkwe wake. Walipofika kwa dada, namba sita zilikuwa zimejaa.

Mama Katibu hakubaki mbali safari hii. Alivaa barakoa aliyopewa na mhudumu, akasukuma mlango. Dada alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Umekuja... kuniandika?"

"Nimekuja kukuandika uletewe maji, dada."

"Haya. Andika... nikuone... ukiandika. Mwandiko wako... mzuri..."

Mama Katibu aliandika saba na jina la dada yake. Kalamu ilisimama. Dada hakumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati. Alimtazama mhudumu aliyekuwa mlangoni, na mhudumu alikuwa amekwisha elewa.

Mama Katibu alikimbia hadi kwa mumewe. Mumewe alisema pikapu haina hata tone la mafuta. Yaliyobaki yalikuwa kwenye dumu, kwa Mzee Filimbi, chini ya kufuli. Wakamwendea wote wawili.

"Ni ya safari moja tu," Mzee Filimbi alisema. "Na kanuni zetu zinasema gari ni la marehemu. Kesho akifa mtu, nitawaambia nini wanachama?"

"Mzee, tumngoje dada yangu awe marehemu ndipo apande?"

Mzee Filimbi aliinamisha kichwa. Akatoa ufunguo mfukoni na kumpa mume wa Mama Katibu.

Walimlaza dada juu ya godoro, nyuma ya pikapu, amevaa barakoa. Mama Katibu alikaa pembeni yake. Gari lilipopita, watu wa mtaani walisimama kimya na kuvua kofia, kama walivyozoea kufanya gari lile lilipopita. Dada aliinua mkono akawapungia. Mwanamke mmoja alipiga kelele na kukimbilia ndani.

"Wamenizika... mapema," dada alisema. Macho yake yalikuwa yakicheka.

Hospitalini alipewa hewa ya oksijeni. Daktari aliwaambia ukweli. "Tutajitahidi. Lakini amechelewa sana. Mngemleta wiki moja nyuma, ningezungumza nanyi kwa namna nyingine."

Ijumaa mhudumu aliifuata saini ya Mama Katibu palepale kwenye baraza la hospitali. Majina yalikuwa thelathini na manne, na kazi iliyoandikwa haikuwa kuzika. Mama Katibu alitia saini bila kusoma. Jumamosi alfajiri dada yake alikufa.

Alizikwa kwa kitambaa kile cha chini ya kabati. Mama Katibu alifungua daftari jeusi akaandika jina la ishirini, na safari hii mwandiko ulipinda. Kisha alilala siku tatu bila kuongea na mtu. Mumewe alipomletea chai, alimwambia, "Nilimkatia kitambaa kabla sijafungua dirisha lake." Alikaa naye mpaka chai ikapoa.

*

Ruzuku ilikuja baada ya siku ishirini na nne. Mapipa yalishushwa mbele ya shule, na sabuni, na vitambaa vya barakoa. Orodha ya vitu vyote ilibandikwa ukutani, pamoja na orodha ya nyumba za kupelekewa maji. Mzee Filimbi alipaka namba kwa rangi nyeupe kwenye ndoo thelathini na nne, kwa kufuata orodha ya fomu. Hakufikiri. Wabebaji walianza kuchukua, moja, mbili, tatu. Ndoo namba saba ikabaki imesimama peke yake chini.

Mzee Filimbi aliiona. Akashika filimbi yake na kuangalia pembeni. "Nisamehe, Katibu," alisema. "Nitaifuta."

"Usiifute," alisema Mama Katibu.

Aliijaza maji. Akaibeba hadi kwenye kibanda cha fundi viatu, akaiweka chini, akarudi nyuma hatua tatu, akaita.

"Nani?"

"Maji."

Dirisha likafunguka kidogo. Fundi viatu alikuwa amekonda. Aliitazama namba, halafu akautazama mlango wa ng'ambo, uliokuwa na kufuli.

"Mimi sikuandikwa," alisema.

"Sasa umeandikwa."

"Hiyo namba nimeiona ukutani. Ni ya dada yako."

"Ndiyo."

"Katibu, siku ile bombani, mimi nilimfungia dirisha."

"Najua," alisema Mama Katibu. Sauti yake ilikuwa kavu. Hakumsamehe, na hakujifanya amemsamehe. "Kifua kinakubana tangu lini?"

"Tangu jana."

"Vaa barakoa hii. Gari linakuja."

Fundi viatu alikaa hospitalini siku tisa na kurudi kwa miguu yake. Mpaka mwisho wa mwaka pikapu ya kijani ilikuwa imewapeleka hospitali watu kumi na watano, na kumi na watatu kati yao walirudi. Mstari wa bombani ulikuwa mfupi, maana wagonjwa walikaa ndani na maji yaliwafuata. Cherehani ilifanya kazi kutwa. Mzee Filimbi aliandika kanuni mpya ya chama: gari ni la wagonjwa kwanza. Watu thelathini walikuwa wametarajiwa kufa. Waliokufa ni watano.

Wageni kutoka mitaa mingine walikuja kuuliza ilifanyikaje, na Mama Katibu aliwaeleza kila kitu, hata fomu ya kwanza. Hilo hakulificha.

Kila Jumanne na kila Ijumaa humpelekea maji fundi viatu, ambaye mapafu yake bado hayawezi kubeba ndoo. Humkuta akigonga misumari na kupiga soga. Siku nyingine hufurahi kumwona. Siku nyingine humjia hasira, kwamba huyu yuko hai na yule hayupo. Ndoo humjazia siku zote, mpaka juu.